Habari za Ofisi ya Bima ya Wasio na Kazi

Mhariri ameniomba niwaeleze wasomaji habari za kazi ninayoifanya huku Marekani. Nimekubali upesi, kwa kuwa kila nirudipo Uganda kwa likizo naulizwa swali lile lile. Nikijibu kwamba niko katika ofisi ya serikali inayowalipa watu waliopotewa na kazi, watu hucheka. Mjomba wangu mmoja alidhani namfanyia mzaha. Akasema, "Ni serikali gani hiyo yenye fedha za kuwapa watu waliokaa bure?" Wengine, hasa vijana waliomaliza shule juzi, huuliza kinyume chake: wataka kujua njia ya kufika huku ili walipwe na wao. Pande zote mbili hazijaelewa mambo, wala si ajabu, maana kwetu chombo cha namna hii hakipo.

Sitalitaja jimbo ninalofanyia kazi. Sheria yatukataza kutoa habari za watu wanaotuletea madai, na jimbo likitajwa, mtu mwenye akili aweza kukisia mengi. Watu nitakaowasimulia humu nimewabadilisha ili wasitambulikane, lakini mambo yenyewe ndivyo yalivyo.

Basi tuanze na fedha. Fedha hizi si sadaka. Ni bima, kama bima ya moto. Mwenye duka hulipa kidogo kidogo kila mwaka. Duka likiungua, hulipwa. Tofauti ni kwamba katika bima hii anayelipa ni mwajiri, wala si mfanyakazi. Ni majimbo matatu tu, yaani Alaska, New Jersey na Pennsylvania, ambako mfanyakazi naye hukatwa kidogo katika mshahara wake. Serikali Kuu hutoza asilimia 6 ya dola 7,000 za kwanza anazopata kila mfanyakazi kwa mwaka. Lakini mwajiri aliyekwisha kulipa barabara kodi ya jimbo lake hupunguziwa asilimia 5.4, hata ikabaki asilimia 0.6 tu, yaani dola 42 kwa kila mtu kwa mwaka. Hizo ndizo ziendeshazo ofisi kama yetu, na ndimo utokamo mshahara wangu. Malipo ya watu wenyewe hutoka katika kodi ya jimbo.

Tena kodi hiyo ya jimbo si sawa kwa waajiri wote. Ambaye watu wake huja kwetu mara kwa mara hutozwa zaidi. Ambaye watu wake hudumu kazini hutozwa kidogo. Tafadhali msomaji uliweke neno hili akilini, maana ndilo liletalo ubishi wote nitakaoueleza mbele.

Asili ya jambo hili ni Ulaya. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1911, ikaanza na mafundi wa kazi chache kama kuunda meli na kujenga nyumba. Malipo yalikuwa shilingi 7 kwa juma, kwa majuma yasiyozidi 15 katika mwaka. Marekani ilichelewa. Jimbo la kwanza kutunga sheria kama hiyo lilikuwa Wisconsin, mwaka 1932, wakati biashara ya dunia nzima ilipokuwa imeanguka. Mwaka 1933 karibu mtu mmoja katika kila wanne waliotaka kazi huku hakuwa nayo. Rais Roosevelt aliunda kamati chini ya Bibi Frances Perkins, Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi hii. Kazi ya kamati hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya tarehe 14 Agosti 1935, na sheria hiyo ndiyo iliyoyavuta majimbo yote. Hawala ya kwanza kabisa ilitolewa Wisconsin mwezi Agosti 1936, ya dola 15.

Kwetu Afrika Mashariki mambo ni mengine. Uganda tuna mfuko wa akiba, ambao mfanyakazi huweka asilimia 5 ya mshahara na mwajiri huongeza 10, lakini ile ni akiba ya uzeeni. Sheria ya mwaka 2022 imemruhusu aliyefika miaka 45, naye amechangia miaka 10, achukue hadi asilimia 20 ya akiba yake mapema. Hata hivyo fedha hizo ni zake mwenyewe, si bima. Jirani zetu Tanzania wamekwenda hatua moja mbele: sheria ya mwaka 2018 iliwapa wachangiaji wa mifuko yao fao la kukosa ajira, theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia miezi 18 au zaidi. Mjomba wangu hakuamini hilo pia, nami nilimwambia aulize ng'ambo ya mpaka.

Sasa nieleze jinsi dai linavyotufikia. Zamani watu walipanga mstari mlangoni mwa ofisi tangu alfajiri, na picha za mistari hiyo zimo katika vitabu vya historia. Siku hizi mtu hujaza maswali kwa kompyuta, au katika simu yake akiwa jikoni kwake. Ofisi yetu ni chumba kikubwa kimoja. Meza zimetengwa kwa mbao fupi, kila mmoja wetu ana skrini mbili mbele yake, na simu ya kuvaa kichwani. Mteja haingii kamwe. Mgeni akifika atadhani ni darasa la watu wazima wanaojisemea peke yao.

Swali la kwanza ni la hesabu tu, na kompyuta hulijibu yenyewe: mtu huyu alipata mshahara wa kutosha? Hatutazami mshahara wake wa jana. Mwaka huhesabiwa kwa robo nne za miezi mitatu mitatu. Twachukua robo tano za mwisho zilizokwisha kutimia, kisha twaiacha ile ya karibuni, twatumia nne za nyuma yake. Kwa mfano, aliyeleta dai mwezi Mei 2025, mwaka wake wa hesabu ni tangu Januari hadi Desemba 2024. Mshahara wa Januari hadi Aprili 2025 haumo. Kwa nini? Sheria hizi zilipotungwa, waajiri walituma orodha za mishahara kwa karatasi, na ilichukua muda mrefu kuziingiza vitabuni. Karatasi zimekwisha, kanuni imebaki. Wageni waliofika nchini karibuni ndio wanaoumia, kwa kuwa mshahara wao wote waweza kuwa katika miezi isiyohesabiwa. Majimbo mengi siku hizi yana njia ya pili ya kuhesabu, ambayo huitumia ile robo ya karibuni, lakini dai la namna hiyo huchelewa.

Aliyetimiza hesabu hupangiwa malipo ya juma, kama nusu ya mshahara wake wa juma, pasipo kuvuka kikomo cha jimbo. Vikomo hivi vyatofautiana mno. Kwa miaka mingi kikomo cha Mississippi kimekuwa dola 235 kwa juma. Cha Massachusetts chazidi dola 1,000. Majuma ya kulipwa kwa kawaida ni 26, ingawa Florida hupunguza hadi 12 wakati kazi zipatikanapo kwa wingi. Hakuna atajirikaye. Wengi malipo yao hufika kodi ya nyumba na umeme, basi.

Swali la pili ndilo langu mimi, nalo kompyuta haiwezi kulijibu. Ni hili: kazi ilikwishaje?

Kuna njia tatu. Ya kwanza, kazi yenyewe imekwisha: kiwanda kimefungwa, zamu imeondolewa, mjenzi amemaliza nyumba. Huyu hulipwa pasipo maneno. Ya pili, mfanyakazi ameacha mwenyewe. Huyu halipwi, ila athibitishe kwamba alikuwa na sababu njema. Ya tatu, amefukuzwa. Huyu hulipwa, ila mwajiri athibitishe kwamba alitenda kosa la makusudi. Mwangalie jinsi mzigo unavyohama. Katika kuacha, anayetakiwa kuthibitisha ni mfanyakazi. Katika kufukuzwa, ni mwajiri. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani ana haki, sharti kwanza nijue nani aliyeuvunja mkataba. Na hapo ndipo lugha yetu ilipoingia kazini mwangu.

Katika miaka ya karibuni Wakongo wengi waliokuwa wakimbizi wameletwa Marekani na kukaa katika majimbo mbalimbali, na wengi wao, hasa wa upande wa Kivu, husema Kiswahili. Aghalabu kazi yao ya kwanza ni katika viwanda vya kukata nyama, maghala, na kufua nguo za hoteli. Sheria ya mwaka 1964 inayokataza ubaguzi hutulazimisha kuwasikiliza watu kwa lugha waielewayo. Ofisi nyingi hutumia wakalimani wa simu. Ofisi yetu ilipogundua kwamba najua Kiswahili, ilinipa mtihani, na tangu hapo madai ya wasemao Kiswahili huwekwa mezani pangu. Nimewahi kusema na watu wa Bukavu, Uvira, Kalemie, Bujumbura, na mmoja wa Kisangani ambaye Kiswahili chake kilinitoa jasho.

Fikirini sasa mzee mmoja, umri wake kama miaka 60, aliyefanya kazi miaka minne katika kiwanda cha kuku. Fomu yake imejazwa na mjukuu wake wa shule. Penye swali la kazi ilikwishaje, mjukuu ameandika kwamba babu aliacha. Kompyuta imelikamata dai na kulileta kwangu. Nampigia simu.

"Shikamoo Mzee. Nataka kujua habari za kazi yako ya kiwandani. Uliacha mwenyewe?"

"Ndiyo mwanangu, niliacha kazi."

Kama ningekuwa karani wa haraka, ningeandika "ameacha," nikauliza sababu, yeye angejibu "ndiyo hivyo tu," na dai lingekufa pale pale. Lakini Mswahili asemapo "niliacha" aweza kuwa na maana ya kwamba sasa hayupo tena kazini, bila kujali aliyeanza. Kati ya kuacha na kuachishwa pana silabi moja tu, nayo silabi hiyo huku ni kodi ya nyumba ya miezi sita. Basi namwomba anisimulie siku ya mwisho tangu alipotoka nyumbani. Nauliza: nani aliyesema neno la kwanza? Alisema nini? Wewe ulijibu nini? Kisha nauliza lile swali ambalo sisi waamuzi twalitegemea kuliko yote: "Kama msimamizi asingekuita siku ile, kesho yake ungekwenda kazini?"

Mzee akanyamaza kitambo. Halafu akasema, "Ningekwenda, kwa nini nisiende? Lakini aliniambia, mzee, mikono yako imekuwa mizito, nenda upumzike. Nikamshukuru, nikaweka kisu chini, nikaondoka."

Huyo hakuacha kazi. Huyo alifukuzwa kwa upole.

Niliuliza kwa nini hakumwambia mjukuu wake hivyo. Akacheka kidogo. Alisema mtoto hapaswi kusikia kwamba babu yake amefukuzwa. Nimekutana na jambo hili mara nyingi kuliko nilivyotazamia, wala si kwa Wakongo peke yao. Wamarekani wenyewe, weupe kwa weusi, wanaume hasa, huandika "nimeacha" penye "nimefukuzwa" ili kuilinda heshima yao. Aibu huwapunja watu fedha nyingi kuliko wizi, kwa maoni yangu, ingawa hakuna mkaguzi aihesabuye.

Maneno mengine nayo yana mitego yake. Wapo wahesabuo saa kwa Kiswahili na wapo waliozoea kuhesabu kizungu. Mwanamke mmoja alishtakiwa na mwajiri wake kwa kuchelewa, naye katika maelezo yake ya kwanza, yaliyofasiriwa na mtu wa simu, imeandikwa alifika "saa mbili mchana," hali zamu ilianza saa mbili asubuhi. Alikuwa amesema "saa mbili" tu, mkalimani akaihesabu kizungu. Tangu hapo kila nisikiapo saa nauliza jua lilikuwa wapi. Tena kuna swali la sheria: je, uko tayari na waweza kufanya kazi juma hili? Jibu litakiwalo ni ndiyo au siyo. Mimi hujibiwa, "Mungu akipenda." Mtu wa kwetu aona ni majivuno kuahidi nguvu za kesho. Lakini katika faili jibu hilo ni sawa na "sijui," na asiyejua kama aweza kufanya kazi halipwi. Basi nauliza tena kwa upole: "Mzee, leo wakikuita, utakwenda?" Hapo hujibu haraka, "Leo hii!"

Nirudi kwa yule mzee wa kuku. Alifukuzwa, sawa. Je, alitenda kosa la makusudi? Mwajiri hupelekewa taarifa ya kila dai, naye hupewa siku chache za kujibu, kwa kawaida kama 10. Kumbukeni kwamba kila alipwaye aweza kuipandisha kodi ya mwajiri wake. Kwa hiyo makampuni makubwa huajiri mawakala ambao kazi yao ni kujibu taarifa zetu tu. Wengine hujibu kwa haki kabisa. Wengine wana karatasi yao tayari, jina tu hubadilishwa.

Jibu la mwajiri wa mzee lilikuwa sentensi moja: kazi yake ilikuwa duni, hakufikia idadi ya kuku itakiwayo kwa saa. Aliyeiandika bila shaka alidhani ameshinda, kumbe amejifunga mwenyewe. Mwaka 1941 Mahakama ya Juu ya Wisconsin, katika kesi ya kampuni ya teksi ya Boynton na dereva wake, ilieleza kosa la makusudi ni nini: ni mtu kupuuza kwa kutaka faida ya mwajiri wake, au uzembe mkubwa au wa kurudiarudia hata uonyeshe nia mbaya. Kutokuwa hodari si kosa. Kushindwa kwa sababu ya udhaifu wa mwili si kosa. Kukosea mara moja katika uamuzi kwa nia njema si kosa. Majimbo mengi yamelifuata neno hilo, na mimi huliona ni neno la busara. Mwajiri anayo haki ya kumwondoa mtu mzito wa mikono. Hana haki ya kumwita mkosaji.

Mzee alilipwa. Si kila hadithi huisha hivyo. Kijana mmoja aliyefanya kazi ghalani alinisimulia kwa ufasaha mwingi jinsi msimamizi alivyomwonea, nami nilitamani kumwamini, maana alikuwa mcheshi na alinikumbusha mwenzangu mmoja wa bwenini. Lakini mwajiri alileta maonyo mawili yenye sahihi ya kijana, la tatu likiwa na picha yake amelala juu ya maboksi saa za zamu. Nilimnyima. Huruma haina nafasi katika fomu yetu, na pengine ni vizuri, kwa kuwa wenye haya na wasiojua kusema wangepata kidogo kuliko wacheshi.

Walioacha wenyewe ndio wagumu zaidi kuamuliwa. Sheria za majimbo hazifanani: baadhi hutaka sababu itokane na mwajiri, kama kutolipa mshahara au kumpuuza msimamizi anayewasumbua wanawake, mengine hukubali hata sababu za nyumbani, kama kumwuguza mzazi. Lakini karibu kila mahali huulizwa: kabla ya kuacha, ulijaribu nini? Ulimwambia nani? Uliomba zamu nyingine? Mama mmoja aliacha kazi ya usiku kwa kuwa basi la saa sita lilikuwa limeondolewa. Sababu kubwa hiyo, kwa mtu asiye na gari, naye angetembea maili saba gizani. Ila hakumwambia msimamizi neno hata moja. Alisema kwao si adabu kumsumbua mkubwa kwa shida zako. Nilimwuliza mara mbili, kwa namna mbili, kama hata mwenzake wa kazi hakupeleka habari. Akakumbuka ujumbe wa simu alioandikiwa msimamizi na rafiki yake kwa niaba yake, wenye tarehe, na jibu la msimamizi kwamba hana zamu nyingine. Ujumbe huo wa maneno 11 ndio uliomwokoa.

Aliyekubaliwa hakumaliza. Kila juma sharti ajibu tena: alitafuta kazi wapi, alikataa kazi yoyote, alipata fedha yoyote. Hapa watu wengi huanguka bila hila. Fedha hutakiwa kutajwa katika juma ambalo mtu alifanya kazi, si juma alilolipwa, tena kabla ya makato. Aliyesuka nywele za jirani Jumamosi kwa dola 80 hana budi kuzitaja. Asipozitaja, kompyuta ikaja kugundua, hudaiwa alichozidishiwa, na kama ikionekana alificha kwa makusudi, huongezewa faini na kufungiwa malipo ya mbele. Barua za madai hayo ndizo zinazotoka ofisini kwetu nisizopenda kuziona, kwa sababu humfikia mtu wakati ambapo fedha zenyewe zilikwisha kuliwa zamani.

Niliingia ofisini mwaka 2017, kwa hiyo niliuona mwaka 2020. Kabla ya ugonjwa wa Korona madai mapya ya Marekani nzima yalikuwa laki mbili na kitu kwa juma. Mwishoni mwa Machi 2020 yalifika kama milioni 6 kwa juma moja. Sheria iliyotiwa sahihi tarehe 27 Machi iliongeza dola 600 kwa malipo ya kila juma hadi mwisho wa Julai, ikawaingiza pia waliojiajiri wenyewe, kama madereva wa teksi na vinyozi, ambao hawakuwahi kuwamo. Makompyuta ya majimbo mengi yalikuwa ya zamani, yakitumia lugha ya COBOL iliyobuniwa mwaka 1959. Gavana wa New Jersey aliwaomba hadharani wazee waijuao lugha hiyo wajitolee kusaidia. Kwetu simu hazikunyamaza tangu asubuhi hadi usiku. Watu walisema, "Nimepiga mara 200, wewe ndiwe mtu wa kwanza kuipokea," kisha wengine hawakuweza kuendelea kwa kulia. Tuliwekewa makarani wapya ambao juma lililopita walikuwa wakiuza leseni za uvuvi.

Na wezi walikuja na umati huo. Walileta madai kwa majina ya wafungwa, ya marehemu, na ya watu waliokuwa kazini wala hawana habari. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria mwaka 2023 kwamba zilizoibwa katika bima hii wakati wa ugonjwa ni kati ya dola bilioni 100 na 135. Tangu hapo mdai hutakiwa kuthibitisha kwamba ndiye yeye, mara nyingi kwa kupiga picha uso wake na kitambulisho chake. Kwa mwenye simu nzuri ni kazi ya dakika tano. Kwa mama mzee wa Uvira mwenye simu iliyopasuka kioo yaweza kuchukua majuma matatu, na majuma hayo hana chochote. Nafikiri mlango ulipaswa kufungwa. Ila naona waliobanwa vidole si wezi.

Tuna saa inayotukimbiza nasi pia. Serikali Kuu hutaka asilimia 80 ya mashauri kama haya yangu yaamuliwe katika siku 21 tangu yalipogunduliwa. Uamuzi ukishatoka, aliyeruhusiwa hulipwa mara moja, hata kama mwajiri wake amekata rufaa. Hilo halikuwa hivyo zamani katika kila jimbo. Huko California mwajiri alipokata rufaa malipo yalisimamishwa, hata Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua mwaka 1971 kwamba haifai, kwa kuwa bima hii iliwekwa ili mtu apate chakula wakati ule asipokuwa na kazi, si baada yake.

Uamuzi wenyewe huandikwa kwa Kiingereza, kurasa mbili, na chini yake pana tarehe ya mwisho ya rufaa. Muda huo si mrefu: kwa majimbo mengi ni kati ya siku 10 na 30. Kila nimalizapo kusema na mtu kwa Kiswahili namwambia mapema barua itakuwaje, na kwamba atafute tarehe iliyo chini, hata kama hakuelewa mengine yote. Akikata rufaa, mwamuzi mwingine ambaye si wa ofisi yetu humsikiliza kwa simu, pande zote zikiapa, na mashahidi huulizwa upya kana kwamba mimi sikuandika neno. Yule kijana wa ghalani alikata rufaa, mwajiri hakuipokea simu siku ya shauri, naye akashinda. Ile picha ya maboksi ilikuwa bado imo katika faili, lakini hapakuwa na mtu wa kuapa kwamba ndiye aliyeipiga. Asiyeridhika hapo huenda kwenye bodi, na baada ya bodi mahakamani. Lakini ni wachache wafikao huko, kwa kuwa wengi wakati huo wamekwisha kupata kazi nyingine.